Fuvu Lenye Jina la Rukaiya

Sura ya Sita

"Kompyuta ipo?"

"Ipo."

"Kamera?"

"Ile pale juu ya kabati, Inspekta."

"Yaani mwizi kaingia chumba chenye kompyuta, kamera, na mashine iliyopanda ndege kutoka Ujerumani, halafu kabeba fuvu la plastiki."

Dakta Godlisten alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa nguo za kijani za upasuaji tangu alfajiri na sasa zilishakunjamana. Ndiye aliyeileta ile mashine nchini, ndiye aliyewaandikia Wajerumani miaka miwili mizima, na ndiye ambaye angesutwa na mji mzima leo ikishindikana.

Inspekta Bupe Mwasomola alilizunguka sanduku tupu. Lilikuwa sanduku zuri la mbao, ndani limetandikwa sponji, na katikati ya sponji kuna shimo la umbo la kichwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mnyakyusa wa Rungwe, mfupi, mwenye sauti iliyowafanya wezi wa Kinondoni wakiri kabla hawajaulizwa. Hospitali zenyewe hakuzipenda. Hii ya Boko ndiyo kabisa: zamani ilikuwa nyumba ya wageni ya shirika la umma, likaja soko huria, shirika likauzwa, na chumba alichosimama bila shaka kilikuwa baa. Kaunta bado ilikuwepo. Juu ya kaunta, chini ya shuka jeupe, ulilala mkono wa chuma wenye kekee ya kutobolea nchani. Manesi walikuwa wakiuita Mkono, basi.

"Nieleze kama unamweleza bibi yangu," akasema. "Hilo fuvu la nini?"

"Mgonjwa wetu anaitwa Rukaiya. Msichana wa miaka kumi na tisa, fundi cherehani. Mfupa wa uso wake unanenepa kwa ndani, unaubana mshipa wa jicho. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia anahesabu vidole, tena mpaka umsogelee. Leo tulikuwa tuutoboe ule mfupa, mshipa upumue. Pale mahali ni padogo mno, kekee ikiteleza kidogo tu imeukata mshipa wenyewe. Ndiyo maana tukataka Mkono. Mkono hautetemeki."

"Na fuvu?"

"Ni nakala ya kichwa chake. Wamelichonga Ujerumani kwa kufuata picha tulizompiga. Jana Profesa aliyekuja na Mkono alilifanyia mazoezi."

"Basi fanyeni bila nakala."

"Fuvu si hoja, Inspekta. Hoja ni kibao kilichokuwa kwenye meno ya hilo fuvu." Dakta akaonyesha kwa vidole, kitu cha ukubwa wa kiatu cha mtoto mchanga. "Plastiki, ndani nta, na vishanga vya chuma vimechomekwa. Rukaiya alikiuma wakati wa kupigwa picha. Leo angekiuma tena, Mkono ungeviona vile vishanga na kujua kichwa kimekaa vipi. Bila kibao, Mkono ni kipofu."

"Mpigeni picha nyingine."

"Mashine ya picha imekufa wiki iliyopita. Kipuri hakijafika."

"Kesho?"

Profesa, Mjerumani mrefu mwenye miwani shingoni, alikuwa amekaa dirishani kimya. Dakta alimtupia jicho. "Jioni anaondoka, na Mkono wake. Tusipoanza kabla ya alasiri, hatuanzi tena. Na lile jicho halitamsubiri mwaka ujao."

Bupe akavuta pumzi puani. Hapo ndipo alipoinusa ile harufu, kali na baridi, iliyomkumbusha masanduku ya nguo. Aliifuata. Ilimpeleka kwenye jiko dogo la manesi, hatua chache kutoka pale. Karo lilikuwa limelowa. Birika la umeme lilikuwa bado na uvuguvugu. Chini ya karo palikuwa na maganda matupu ya pamba na bandeji.

"Nani aliyetumia pamba yote hii?"

Sista Adelina, nesi mkuu wa upasuaji, Mhaya mnene mwenye saa imeningʼinia kifuani, alilikodolea macho lile karo. "Sie hatujafunga kidonda chochote leo."

"Na chumba kilifungwa?"

"Kilikuwa wazi alfajiri, nilikuwa napanga vifaa." Akajihami haraka. "Lakini kila kitu kilikuwa na jina, afande! Mie kwenye wodi yangu kitu bila jina la mgonjwa hakikai. Hata lile fuvu niliandika RUKAIYA kwenye paji kwa kalamu nene, wasije wakachanganya."

"Umeandika jina kwenye fuvu."

"Kubwa kabisa."

"Na mstari mwekundu kwenye jicho la kulia," akaongeza Dakta. "Huo aliuchora Profesa. Ndipo tulipokuwa tukate."

Bupe aliwatazama wote wawili, akataka kusema neno, ila mlinzi wa getini akaingia anahema, kofia mkononi.

"Afande, samahani. Nimekumbuka. Dakta Gaudens katoka asubuhi na boksi. Kalikumbatia hivi. Nimemsalimia hakuitika."

Dakta Gaudens ndiye aliyekuwa akipasua mifupa ya uso kwenye hospitali hiyo kabla Mkono haujaja, na wiki nzima alikuwa akitangaza mbele ya kila mtu kwamba hawezi kufanya kazi pamoja na kekee ya fundi seremala.

"Anakaa wapi?"

"Hapa hapa Boko, nyuma ya shule."

*

Bupe alimkuta Dakta Gaudens barazani kwake, boksi miguuni. Hata hakuinuka. Mzee mwembamba, vidole virefu, shati limefungwa mpaka kooni.

"Fungua," akasema Bupe.

"Shikamoo haipo siku hizi?"

"Shikamoo. Fungua."

Bupe alipoona hasogei, alimwashiria Koplo Theonest, dereva wake, naye akalimwaga boksi zima sakafuni mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani. Saa ya ukutani ikavunjika kioo. Chupa ya chai ikabingirika mpaka kwenye maua. Picha ya marehemu mkewe. Kandambili. Basi.

Dakta Gaudens akainama, akaiokota picha, akaifuta kwa kiganja. "Nimeacha kazi, Inspekta. Mtu akiacha kazi huchukua vitu vyake. Hilo nalo ni kosa?"

"Fuvu limeibiwa."

"Mie fuvu la nini? Nimekishika kichwa cha yule binti tangu ana miaka kumi na mitano. Nakijua kwa vidole." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Kaamkaje leo? Bado anahesabu vidole?"

Bupe aliinama kuokota vioo. Asubuhi ilishaondoka, na mikononi mwake hakuna kitu isipokuwa vipande vya kioo cha saa ya watu. Aliomba radhi haraka haraka, vibaya, akarudi kwenye gari.

*

Rukaiya alikuwa kitandani, nywele zimenyolewa, uso umejaa upande mmoja. Aligeuza kichwa kuelekea mlio wa viatu vya Bupe.

"Dada, mmekipata kibao?"

"Tunakitafuta, mdogo wangu. Usiku ulilala na nani hapa?"

"Shangazi yangu. Bi Somoe. Ndiye aliyenilea. Leo alfajiri alikuja kuniamsha, analia huku anacheka. Ananiambia, 'Umefunguka mwanangu, nimekufungua, sasa utapona.' Nikamuuliza nimefungwa na nani? Hakunambia. Akaondoka mbio, kasema anakwenda kwao Temeke mara moja."

"Alikuwa na mzigo?"

"Sikuona. Mie siku hizi naona mwanga tu na watu wakiwa karibu." Akakunja pua. "Ila alikuwa ananuka karafuu maiti. Nikaogopa, nikasema kafa nani?"

Bupe alisimama wima. Karafuu maiti! Jirani yake wa Keko alipofiwa na mume, nyumba nzima ilinuka hivyo hivyo, na ndiyo harufu ya kwenye karo. Maji yamepashwa moto. Pamba. Bandeji nyeupe. Mwizi haoshi alichoiba, na mchawi hakivishi sanda.

"Shangazi yako ameona fuvu lina jina lako," akasema polepole, "na jicho lako zima limezungushiwa wekundu."

Rukaiya akajiziba mdomo. "Yarabi! Na hakuna aliyemwambia ni la plastiki?"

Hakuna. Waliwaeleza manesi, wakamweleza mwandishi wa gazeti, wakaelezana wenyewe kwa Kiingereza siku mbili. Shangazi aliyelala chini ya kitanda cha mgonjwa, kwenye jamvi, nani wa kumweleza?

*

Kingʼora cha Land Rover kilishakufa zamani. Theonest alipiga honi kutoka Boko mpaka Mwenge, akapita ukingoni mwa mtaro kukwepa foleni, akatukanwa na wauza mitumba, akatukana yeye pia. Bupe hakumkanya. Mchana ulikuwa umeshapinda.

Bi Somoe alikuwa uani kwake Temeke, anapepeta mchele. Mwanamke mkubwa, mweupe wa nywele, khanga ya njano imefungwa vizuri. Aliwaona polisi na wala hakushtuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Nilijua mtakuja."

"Fuvu liko wapi?"

"Lishastirika."

"Mama, lile halikuwa..."

"Ngoja niseme mie kwanza!" Ungo ukatua chini. "Nimekwenda kuchota maji moto ya kumwogesha mwanangu. Mlango u wazi. Nikaona fuvu la binadamu mezani, jina la mwanangu limeandikwa usoni, na jicho lake moja lililobaki wamelizungushia wekundu. Lile moja! La kushoto walishalichukua, sasa wanataka na hilo. Hospitali hiyo au kwa mganga? Ningepiga kelele wangelificha. Nikalibeba chini ya baibui. Nikalifuta jina. Nikaliosha hapo hapo jikoni, maana huyo maiti naye kakosa nini? Kachukuliwa kaburini kwake, katumikishwa. Ana haki yake. Karafuu maiti ninayo kila siku mkobani, kazi yangu kuosha wanawake wa mtaa huu. Nikamfunga na kidevu, nikampamba pamba, nikamtoa."

Theonest akatazama pembeni. Bupe alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamweleza yote: plastiki, picha, kibao, Mkono, ndege ya jioni. Alieleza kwa maneno mafupi na hakupunguza kitu. Bi Somoe alisikiliza mikono imetulia magotini. Bupe alipofika kwenye kibao, akamkatiza.

"Kile cha menoni? Nilidhani meno yake ya bandia. Sikukitoa, nikasema kwa nini nimvue maiti meno."

"Kipo bado?"

"Kipo. Kazikwa nacho."

"Wapi?"

"Mie mwanamke, mwanangu, makaburini siendi. Nimempa Mwishehe, mchimba kaburi wetu. Nimemwambia ni kiungo cha mgonjwa, wamekikata hospitali. Viungo vinazikwa, hawaulizi." Alikuwa ameshainuka, anatafuta kandambili kwa miguu bila kuziona. "Twende. Twende jamani, mnangoja nini?"

*

Mzee Mwishehe alikuwa makaburini, amejiegemeza kwenye jembe, mfupi, mkavu, tasbihi mfukoni mwa kanzu iliyochakaa. Alisikiliza hadithi yote, kisha akatikisa kichwa.

"Sifukui."

"Mzee wangu, ni plastiki."

"Ndivyo mnavyosema nyie. Mie nimekabidhiwa kiungo cha Muislamu, nimekisomea, nimekifukia. Uje wewe na sare yako uniambie nikichimbue? Niletee karatasi ya hakimu."

"Mpaka hakimu asaini, msichana ameshakuwa kipofu."

"Mungu ndiye mwenye macho."

Bupe alikuwa na bastola, pingu na cheo, na vyote havikumfaa. Angeweza kumwamuru Theonest achukue lile jembe kwa nguvu, na kwa kweli mdomo wake ulishafunguka. Ndipo Bi Somoe, aliyekuwa ameachwa nje ya ukuta kwenye gari, akaingia. Wanaume wawili waliokuwa wanafyeka nyasi wakasimama. Alipita katikati ya makaburi, miguu mitupu, mpaka mbele ya Mwishehe.

"Mie ndiye niliyekudanganya," akasema. "Hakikuwa kiungo cha mgonjwa. Nilifikiri fuvu la maiti wa watu, nikaogopa kukwambia. Sasa hawa wanasema si la mtu kabisa. Mwishehe, tumezika wangapi mimi na wewe? Nimewahi kukuomba kitu?"

Mzee alimtazama sana. "Umeingia makaburini, Somoe."

"Nimeingia. Atanihukumu Mwenyewe. Chimba!"

Mzee akatema mate pembeni. "Nitafungua mimi, kwa mkono wangu. Ukiwa mfupa, naurudisha na nyie mnaondoka."

Kaburi lenyewe lilikuwa la kina kifupi. Alikitoa kile kifurushi cheupe kwa heshima, akakiweka juu ya mkeka, akalegeza bandeji kidogo upande wa kisogo. Akagonga kwa kucha. Akagonga tena kwa mpini wa kisu.

"Ala! Ndoo hii!" Akachukia waziwazi. "Ndiyo maana ilikuwa nyepesi. Nikasema labda watu wa siku hizi wana mifupa ya vivi hivi. Nimeisomea dua ndoo!"

Theonest akashindwa kujizuia akacheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Bupe naye akacheka. Hata Bi Somoe, machozi yanamtiririka. Mzee akafungua na upande wa uso, na kibao kikaonekana pale pale, kimekaa kwenye meno, na vishanga vyake vyote. Walikimbilia gari.

*

Walifika Boko muadhini anajiandaa kwa alasiri. Bi Somoe alikuwa amelipakata fuvu njia nzima, akilikinga na kila shimo la barabara. Profesa alilipokea kwa mikono miwili, akakivua kibao taratibu, akaingia kwa Rukaiya. Wote walimfuata mpaka mlangoni.

"Uma," Dakta Godlisten akamwambia mgonjwa.

Rukaiya akauma. Profesa akakigusa kibao kwa kidole, upande huu, kisha upande ule. Kikacheza. Akakitoa, akakipeleka dirishani, akavaa miwani. Alikitazama kwa muda mrefu mno.

Aliporudi alimsemesha Bupe kwa Kiingereza chake cha kukatakata, maana Dakta Godlisten alikuwa ameshaweka mkono usoni. Nta ililainishwa na maji ya moto. Halafu, ikiwa bado laini, ilibanwa na kitu kilichofungwa kwa nguvu chini ya kidevu. Vishanga vimehama. Mkono ungevisadiki na ungetoboa pasipostahili. Alisikitika. Hangeweza kuanza.

"Anasemaje?" akauliza Bi Somoe.

Bupe aligeuka. Katika kazi yake yote hakuwahi kubadilisha maneno ya shahidi. "Anasema kimeharibika kwenye ndege. Joto."

Bi Somoe akatikisa kichwa.

"Usinidanganye, mwanangu. Huyu mzungu alikuwa ananiangalia mikono." Akaikunjua, akaitazama mwenyewe. "Maji niliyapima kwa kiwiko. Kama nilivyokuwa nampimia yeye akiwa mchanga. Nikasema yasije yakamuunguza maiti wa watu. Na kidevu nilikikaza mie, maana kisipokazwa mdomo unabaki wazi."

Bupe akamshika Dakta Godlisten kiwiko, akamvuta ukumbini.

"Kabla ya mashine hii mlikuwa mnafanyaje?"

"Kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

Dakta alijua na hakutaka kulitamka jina. Bupe hakumsubiri. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, akikimbia, mpaka nyuma ya shule, na mbele ya majirani wale wale akapiga magoti barazani.

"Mzee, nilikukosea asubuhi. Unitukane baadaye. Kibao kimeharibika."

Dakta Gaudens aliiweka chini saa aliyokuwa anaitengeneza kioo. Hakumtukana. Aliuliza swali moja tu njiani, iwapo jicho bado linaona mwanga, na alipofika aliinama juu ya Rukaiya, akaupapasa uso wake kwa vile vidole virefu, kuanzia paji mpaka shavuni.

"Ni mimi."

"Nimekujua, dakta."

"Sikiliza, binti yangu. Mashine imeshindikana. Nitaingia kwa mkono. Nimewahi kupasua mahali kama pale mara mbili. Mmoja anaona. Mmoja haoni. Nikiteleza, hata huo mwanga ulionao umekwenda. Usipotaka, hakuna atakayekulaumu."

"Nisipofanya je?"

"Utakwenda wenyewe. Polepole."

Rukaiya akavipapasa vile vidole virefu.

"Fanyeni," akasema. Halafu: "Shangazi yuko wapi?"

"Nipo hapa, mwanangu."

"Sikuoni. Umevaa khanga gani?"

"Ile ya njano."

"Njano siioni. Nenda dirishani, penye jua."

Bi Somoe akaenda. Manesi walikuwa wameshashika kitanda, na Sista Adelina akawazuia kwa kiganja.

"Umejiziba uso," Rukaiya akasema. "Toa mikono. Nataka kukuona."

Bi Somoe akajifuta macho kwa ncha ya khanga, mara moja, mara ya pili, akaishusha mikono. Akauacha uso upigwe na jua na hakupepesa, mpaka kitanda kilipomaliza kupita mlangoni.